Bwawa la Kuogelea Uani: Ukuta Kwanza, Shimo Baadaye

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyekijaalia kila chenye uhai kutokana na maji. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aila yake na masahaba zake.

Ama baada. Katika miaka ya karibuni limekuwa likitufikia swali moja, na aghalabu wanaouliza ni kina mama: je, yafaa kwa aila ya Kiislamu kujenga bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yake? Zamani bwawa lilikuwa jambo la hoteli za ufuoni. Leo ramani nyingi za nyumba za Nyali, Kikambala, Diani na Malindi huonyesha bwawa tangu siku ya kwanza, na ndugu zetu wanaofanya kazi Ghuba hurejea likizoni na michoro yake mkononi.

Kwa upande wa hukumu, jawabu ni jepesi. Asili ya mambo ni uhalali, na maji ni katika neema zilizo kubwa kabisa. Uzito uko kwingine. Bwawa ni shimo la maji lililochimbwa katikati ya watoto, wanawake na majirani. Ukuta, uzio na njia ya maji vikitangulia, bwawa huwa neema. Vikiachwa kuwa mambo ya "tutaweka baadaye", bwawa huwa msiba unaongoja siku yake. Kwa hivyo tumeona tueleze kwa taratibu yale ambayo baba na mama wapaswa kuyapima kabla ya jembe la kwanza kupigwa.

Maji ndani ya nyumba si jambo geni kwetu

Waswahili hawakujifunza leo kuyaingiza maji majumbani mwao. Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilikuwa na birika katika vyoo vyake, na ndani ya birika walitiwa samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Katika magofu ya Gedi mtu huviona visima vilivyochimbwa kwa ustadi, na misikiti ya kale ilijengwa pamoja na kisima na birika la kutawadhia.

Tuangalie walivyojenga wazee wale. Ukuta wa nje ulikuwa mtupu, bila dirisha la kuchungulia. Mgeni alipokewa dakani, asipite ndani. Kiwanda, yaani ule uwazi wa katikati, kilipata jua na upepo, na mpita njia hakuona kitu. Sitara ilitangulia kupangwa, kisha nyumba ikajengwa ikiifuata. Anayetaka bwawa leo hana mwalimu bora kuliko nyumba ile.

Kwanza nia

Swali la kwanza ni hili: bwawa ni la nini? Ikiwa ni la kuwaonyesha wageni wa arusi, bora fedha zile zipelekwe penginepo. Ikiwa mtu anadaiwa, au faradhi ya Hija imemwajibikia naye hajaitekeleza, au njia pekee ya kujenga ni mkopo wa riba, basi jambo hili si lake kwa sasa. Hakuna starehe inayohalalisha riba.

Walakini iko nia njema iliyo wazi, nayo ni kuwafundisha watoto wetu, wa kiume na wa kike, kuogelea. Katika Hadithi aliyoipokea Imam Nasai, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo machache ambayo hayahesabiwi kuwa upuuzi. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliagiza watoto wafundishwe kuogelea.

Sisi watu wa mwambao tuna sababu zaidi ya wengine. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na nchi kavu, na watu zaidi ya 250 wakafariki. Huko Unguja meli ya MV Spice Islander ilizama Septemba 2011, na mwaka uliofuata ikazama MV Skagit. Mamia ya watu walipotea, wakiwemo kina mama na watoto wao. Hatusemi kwamba kila aliyejua kuogelea angeokoka, maana ajali ni mkono wa Mola. Tunasema kwamba ni ajabu kwa umma unaoishi na bahari asubuhi na jioni kuwaacha nusu ya watu wake bila elimu ya maji.

Katika darsa moja ya kina mama aliinuka mama wa makamo akatuambia: "Sheikh, nimezaliwa hatua mia mbili kutoka pwani, na mpaka leo maji ya bahari hayajanipita magoti." Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza, kwani wengi wao walikuwa hali moja naye. Hawakukosa hamu. Walikosa mahali pa kujifunza pasipo macho ya ajinabi. Na inajulikana kwamba Mtume (S.A.W.) alimwonya mwanamke asivue mavazi yake nje ya nyumba yake. Basi ikiwa mlango wa bwawa la hoteli umefungwa kwa sababu hiyo, mlango wa uani uko wazi.

Jambo hili limewezekana kwa jirani zetu. Katika kijiji cha Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi uitwao Panje uliwafundisha wasichana kuogelea na kuokoa wakiwa wamevaa nguo ndefu za majini zinazositiri mwili, na waliofuzu wakahimizwa kuwafundisha wenzao. Nyumba moja yenye bwawa la sitara, ikiwafungulia mabinti wa mtaa alasiri moja kwa wiki pamoja na mwalimu mwanamke, itakuwa imetoa shukrani ya vitendo.

Maji yatatoka wapi?

Tuhesabu pamoja. Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani wa mita 1.4 hubeba lita 44,800. Kwa mtungi wa lita 20 tunaoujua sote, hiyo ni mitungi 2,240. Tena halijazwi mara moja likaisha. Jua na upepo vikiondoa milimita 5 tu kwa siku, zitapotea lita 160 kila siku, yaani mitungi minane. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya lita 58,000, maji mengi kuliko yale ya bwawa lenyewe.

Hesabu hii haina uzito kwa aliye kando ya mto. Lakini sisi tuko Mombasa, mji unaongojea maji ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na ambao mitaa yake mingi huona mfereji ukitoa hewa kwa siku kadhaa. Mwenye kulijaza bwawa kwa mfereji wa mtaa, ilhali jirani yake anamlipa hamali wa mkokoteni kwa mtungi, na ajiulize atajibu nini kesho. Israfu imekatazwa hata katika maji ya udhu, sembuse maji ya mchezo.

Wengi hukimbilia kisima. Hapo pana jambo ambalo yapasa lieleweke. Chini ya ardhi yetu ya matumbawe, maji matamu yamelala juu ya maji ya bahari kama samli juu ya mchuzi. Ukiyavuta pole pole, yanatosha. Ukiyavuta kwa pampu kubwa mchana na usiku, maji ya chumvi hupanda, na hayachagui kisima cha nani.

Tuliwahi kuitwa kusuluhisha majirani wawili kwa jambo hilihili. Mmoja alichimba kisima kirefu na kujaza bwawa lake. Baada ya miezi michache kisima cha kale cha jirani, kilichotumiwa na nyumba tatu, kikageuka maji ya chumvi. Mwenye bwawa aliapa kwamba hakuvuka mpaka wa kiwanja chake, naye alisema kweli, ila maji hayajui hati ya kiwanja. Tulikumbushana Hadithi ya Jibrili, namna alivyomuusia Mtume (S.A.W.) kuhusu jirani hata akadhani atafanywa mrithi. Tulikumbushana pia ile kanuni ya fikihi kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mwishowe mwenye bwawa alikubali kupunguza pampu, kununua maji ya lori kwa ajili ya bwawa, na kutoa mfereji mmoja nje ya ukuta wake kwa nyumba zile tatu. Baada ya masika, maji ya kisima cha kale yalianza kupoa chumvi yake. Udugu ulirejea polepole zaidi kuliko maji.

Kwa hivyo tunashauri hivi. Bwawa liwe dogo. Mita 6 kwa 3, lenye kina cha mita 1.2, linatosha kabisa kumfundisha mtoto na mama yake, nalo huchukua lita 21,600, chini ya nusu ya lile la kwanza. Paa la nyumba liwekewe mifereji, na maji ya mvua yakusanywe tangini. Bwawa lifunikwe kila lisipotumika, ili lisipoteze maji kwa jua. Na kisima kisichimbwe ila kwa kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, baada ya kuzungumza na majirani.

Ukuta na macho ya ghorofani

Zamani ukuta wa mita mbili ulitosha. Leo jirani amejenga ghorofa tano, na dirisha lake la jikoni linatazama uani mwako bila yeye kukusudia. Kabla ya kuchagua mahali pa bwawa, panda juu ya paa lako utazame pande zote. Hesabu madirisha unayoyaona, kwani nayo yanakuona. Kisha uangalie viwanja vitupu, maana vitajengwa.

Mahali palipo bora aghalabu ni pale nyumba yenyewe inapokuwa ukuta: katikati ya vyumba kama kiwanda cha wazee wetu, au kwenye pembe ya nyumba. Juu pawekwe paa la makuti au viunzi vya mbao vilivyotambaliwa na mimea. Kivuli hicho husitiri, hupunguza maji yanayopotea kwa jua, na huhifadhi ngozi za watoto. Mlango wa kuingilia upindwe, usielekee lango la nje moja kwa moja.

Ukuta peke yake hautoshi bila adabu. Siku za wanawake zijulikane na siku za wanaume zijulikane, wakiwemo vijana wa nyumbani na binamu wanaodhaniwa ni watoto bado ilhali wamebaleghe. Hata wanawake wao kwa wao wana mipaka ya uchi, na mavazi ya heshima yanawapendeza zaidi. Na simu zote zibakie sebuleni. Picha moja ikitoka, ukuta wa mawe hauna faida tena.

Uzio wa roho ya mtoto

Hapa twaomba tusikilizwe zaidi ya penginepo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto hazami kwa kelele kama wengi wanavyodhani. Huingia kimya, na dakika chache zinatosha. Mama huwa yu jikoni, baba yu kwenye simu, na dada wa nyumbani anadhani mtoto yu pamoja na mama.

Ukuta wa nje wa nyumba humzuia mgeni, haumzuii mtoto wa nyumba. Bwawa lahitaji uzio wake peke yake, pande zote nne, utakaolitenga na mlango wa jikoni na uwanja wa kuchezea. Usipungue kimo cha mita 1.2. Mianya yake isizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipenye. Usiwe na vyuma vya mlalo vya kukanyagia, wala pasiwekwe kiti au chungu cha maua karibu yake. Lango lifunguke kuelekea nje, lijifunge lenyewe, na komeo liwe juu, mtoto asilifikie. Komeo linalongoja kukumbukwa na mtu siku moja litasahauliwa.

Imam Abu Daud amepokea Hadithi inayomwonya mwenye kulala usiku juu ya paa lisilo na kizuizi, kwamba dhima imemwondokea. Ikiwa hilo ni kwa mtu mzima na nafsi yake mwenyewe, vipi mzazi aliyechimba shimo la maji kisha akamwachia mtoto wa miaka miwili njia? Kutawakali kwa Mwenyezi Mungu hakubatilishi kumfunga ngamia.

Zaidi ya uzio, awepo mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina ambaye kazi yake wakati huo ni kuangalia maji tu, bila simu wala kitabu. Katika kila nyumba watu wawili wajifunze kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aliyetolewa majini. Vitu vya kuchezea visiachwe vikielea, maana ndivyo vimwitavyo mtoto. Na aliyefundishwa kuogelea asiachwe peke yake kwa sababu amefundishwa.

Kuchimba na kujenga

Fundi wa nyumba si lazima awe fundi wa bwawa. Maji ya lita 21,600 yana uzito wa tani zaidi ya 21, nayo husukuma kuta usiku na mchana. Mchoro uandaliwe na mhandisi aliyesajiliwa, uidhinishwe na serikali ya kaunti, na mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Ardhi yetu ina tabia zake. Matumbawe ni magumu kuchimba, lakini ndani yake mna mapango yanayoweza kuifanya sakafu ipasuke. Karibu na bahari, maji ya chini hupanda kwa masika na kwa bamvua. Bwawa tupu juu ya maji hayo ni kama jahazi: huweza kuinuliwa zima likapasuka. Kwa hivyo mhandisi aweke vali ya kupunguza msukumo sakafuni, na bwawa lisikaushwe wakati wa mvua bila ushauri wake. Mchanga wa pwani usitumike kabisa, kwani chumvi yake hula nondo. Zege iachwe ikomae siku 28 huku ikimwagiwa maji. Kabla ya vigae, bwawa lijazwe na kuangaliwa kwa wiki nzima kama linavuja. Uvujaji unaogunduliwa baada ya vigae ni gharama mara mbili.

Tundu la sakafuni linalovuta maji kwenda kwenye pampu lisiwe moja. Yawe mawili yaliyoachana, kila moja na kifuniko imara. Tundu moja lililo wazi huweza kunasa nywele ndefu za binti au pindo la vazi lake na kumshikilia chini ya maji. Jambo hili mafundi wengi hulisahau, na mama ndiye wa kulikumbusha. Na maji ya kusafishia chujio yaelekezwe kwenye shimo lake mwenyewe mjenzi, yasitiririke kwa jirani wala karibu na kisima.

Mapatano yaandikwe, kama tulivyoamrishwa katika aya ndefu ya Suratul Baqara, yakiwa na mashahidi. Malipo yafuate hatua: kuchimba, zege, jaribio la maji, vigae, pampu. Sehemu ndogo ibakizwe mpaka bwawa lipite miezi michache bila kuvuja, na sharti hilo liandikwe tangu mwanzo lisije likawa dhuluma. Na vibarua walipwe jasho lao halijakauka.

Usafi na tohara

Kina mama huuliza: je, maji yenye klorini yafaa kwa udhu na kwa josho? Katika madhehebu yetu ya Kishafi, maji yaliyofikia qullatain, kiasi ambacho wanachuoni wa zama hizi hukikadiria kuwa lita 200 hivi au zaidi kidogo, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu kwayo. Bwawa limepita kiasi hicho mara nyingi. Na klorini kidogo inayotiwa kuyasafisha haiyaondolei jina la maji, basi yanabakia kuwa maji ya tohara. Lakini mtoto asiyejizuia asiachwe akajisaidia humo, na kila mtu aoge kwanza kabla ya kuingia.

Kipimo cha klorini kiwe baina ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kipimo cha ukali wa maji, yaani pH, baina ya 7.2 na 7.8. Pampu ifanye kazi saa kadhaa kila siku, nayo huongeza bili ya umeme. Dawa zihifadhiwe kabatini kwa kufuli, wala zisichanganywe. Asiyeweza gharama hizi kila mwezi asijenge, kwani bwawa lililoachwa hugeuka kijani likazaa mbu, na Mombasa imekwisha kuonja homa ya dengi zaidi ya mara moja.

Kwa muhtasari

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma makala haya, utaratibu uwe huu: nia, kisha shauri na majirani, kisha chanzo cha maji, kisha ukuta, kisha uzio, kisha shimo. Fedha zikipungua njiani, zipungue kwenye vigae na taa za rangi, zisipungue kwenye uzio. Bwawa lisilo na uzio halijakamilika, na lisitiwe hata mtungi mmoja.

Na kwa yule mama wa darsani na wenzake tunasema: ombi lenu si la anasa. Ni haki yenu kujua kuyaingia maji na kuyatoka salama, mkiwa katika sitara yenu. Ni juu yetu waume, kaka na wazee wa mitaa kuiandaa nafasi hiyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, azitilie baraka nyumba zetu, awarehemu wote waliotangulia kwa kuzama, na atufanye miongoni mwa wenye kuchunga haki za jirani. Amin.